Nimefikia uzito niliotaka, sasa kuongeza chakula ndo kunanitisha

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri hasa kwa waliopungua wakakaa hapohapo, maana wa kunishauri jinsi ya kupungua ni wengi ila wa kunieleza nile vipi baada ya hapo sijampata.

Nilikuwa na kilo 92, sasa hivi nina 71. Nimepungua taratibu, sikutumia dawa wala chai za kupunguza tumbo, nilikuwa nahesabu kalori, nakula kama 1,500 kwa siku, protini ya kutosha, natembea sana na nanyanyua vyuma. Presha imekaa sawa, magoti hayaumi tena, nashukuru Mungu sana. Sitaki kupungua zaidi ya hapa. Kwa hesabu zangu mwili huu ili ubaki ulivyo unahitaji kama 2,000 hivi, yani natakiwa niongeze kalori 500, na hapo ndo nimekwama.

Nilianza kwa kuongeza 300, zaidi kwenye wanga. Wiki haijaisha mzani ukasoma 72 na nusu, jamani nilikosa raha siku nzima. Na nikikaa nikapiga hesabu najua hayawezi kuwa mafuta, kwa sababu kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, sasa kilo moja na nusu ingetaka zaidi ya 11,000 za ziada na mimi kwa wiki nzima sijafikisha hata 2,500. Ni maji. Ukirudisha wanga mwili unajaza tena akiba yake ya glaikojeni, yani sukari inayotunzwa kwenye misuli na ini, na kila gramu moja inashika kama gramu 3 za maji, halafu weka na chumvi na chakula chenyewe kilichopo tumboni. Yote hayo nayajua ila kesho yake asubuhi nikajikuta nimerudi kwenye 1,500 bila hata kuamua.

Mezani ndo kuna shida zaidi. Mafuta ya kupikia bado napima kwa kijiko, nakwangua juu na kisu kiwe sawasawa, nikipakuliwa na mtu mwingine sili kwa amani. Mume wangu anasema si umeshamaliza dayati, kula kama zamani, lakini kula kama zamani ndo kulinifikisha 92, na mwili wa kilo 71 hautumii nguvu nyingi kama ule. Dada yangu naye anasema nikilegeza tu zinarudi zote na nyongeza juu. Kati ya hao wawili sijui nimsikilize nani, naona kila mmoja ana ukweli wake kidogo.

Kingine ni njaa. Nilitegemea nikifika itapoa, wapi! Nimesoma kuna utafiti wa Australia wa 2011, waliopungua walipimwa mwaka mmoja baadae wakakutwa homoni za njaa bado hazijarudi zilivyokuwa kabla, leptini, ile ya kushiba, iko chini na ghrelini, ile inayoleta njaa, iko juu. Sasa mimi nikisikia njaa saa nne usiku nashindwa kujua kama ni mwili kweli unahitaji chakula au ni hizo homoni zinataka kunirudisha nilikotoka, kwahiyo nakunywa maji nalala nayo, na sidhani kama ni sawa kwa mtu ambae hataki tena kupungua.

Kwahiyo naomba mnisaidie. Mliopita huku mliongeza kidogokidogo, mfano kalori 100 kila wiki, au mlipanda moja kwa moja mkavumilia mzani mpaka ukatulia? Mimi ya kwanza naipenda ila naogopa itanifanya nibaki na dayati miezi mingine. Mlijiwekea mpaka wa uzito, labda kilo mbili juu mbili chini ndo unaanza kushtuka, na mnapima kila siku mkitafuta wastani wa wiki au mara moja inatosha? Na kuhesabu kalori mliacha lini, mliacha ghafla au mlianza na mlo mmoja? Hilo la mwisho ndo nalihitaji zaidi, nataka siku moja nipakuliwe sahani nile bila kuuliza imewekwa vijiko vingapi vya mafuta.