Barua kwa wadogo zangu mnaokaribia sitini na tano

Wadogo zangu wa chama chetu cha kufa na kuzikana, hapa Columbus na kwingineko Marekani,

Salaam kwenu na kwa watoto. Leo nawaandikia habari za Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa waliotimiza miaka 65. Jumamosi iliyopita, wakati mweka hazina anahesabu michango, mmoja wenu alinifuata jikoni nikiwa nageuza pilau. Akaniambia, "Dada, mambo ya Medicare mimi bado. Nastaafu nikifika sitini na saba, hapo ndipo nitahangaika nayo." Nikamwuliza kazaliwa lini. "Mwaka sitini na moja, mwezi wa tatu." Mwiko nikauweka chini. Mtu huyo dirisha lake la kujiandikisha limeshafunguliwa, linakaribia kufungwa, naye anasubiri sitini na saba!

Tumekuwa hodari wa kuchangishana kusafirisha maiti. Bei ya jeneza na tikiti ya ndege kila mtu anaijua kwa kichwa. Habari za daktari atakayetuzuia tusiingie kwenye hilo jeneza, tunaziacha hadi kesho. Ndiyo maana naandika.

Sitini na saba ni umri wa kupokea pensheni kamili ya Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali, kwa mliozaliwa 1960 na kuendelea. Umri huo ulisogezwa. Wa Medicare haukusogezwa: tangu Rais Lyndon Johnson aweke saini mwezi Julai 1965, umri ni 65. Na kadi haiji yenyewe kwa kila mtu. Inakuja yenyewe kwa aliyekwisha kuanza kupokea pensheni ya Social Security angalau miezi minne kabla ya kutimiza 65. Wewe unayesubiri pensheni mpaka 67 hutaletewa kitu. Lazima uombe mwenyewe, kwa mtandao, kwa simu, au kwenye ofisi ya Social Security.

Dirisha ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wako wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baada. Wa Machi ni Desemba mpaka Juni.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya ndugu zetu waliopitia kambini, Nyarugusu, Kakuma na kwingineko. Wengi wenu karatasi zinasema mlizaliwa tarehe 1 Januari. Tunajua ilivyokuwa: karani aliuliza tarehe, mama alisema "wakati wa mavuno", karani akaandika moja ya kwanza. Basi tarehe hiyo ina hesabu yake. Aliyezaliwa tarehe mosi ya mwezi wowote, Medicare inamhesabu kana kwamba katimiza umri mwezi uliotangulia. Kwa hiyo wa Januari mosi dirisha lake ni Septemba mpaka Machi, na bima yake inaweza kuanza tarehe 1 Desemba. Msije mkafika ofisini Aprili mkiwa na hesabu zenu safi mkaambiwa mmechelewa.

Sasa niwaambie la kwangu, maana ushauri wa mtu asiyewahi kuungua hauna moto.

Nilitimiza 65 mwaka 2016. Nilikuwa bado nawageuza wazee vitandani, zamu ya usiku, kwenye nyumba ya wazee kubwa yenye wafanyakazi mia na zaidi. Bima ya kazini nilikuwa nayo, nikaiacha Sehemu B ya Medicare, ile ya madaktari, na hapo sikukosea. Ukiwa bado kazini, au mwenzi wako yuko kazini, na bima inatokana na kazi hiyo, unaruhusiwa kusubiri bila faini. Mwisho wa Machi 2018 mgongo ukakataa. Nikaacha kazi. Dada wa ofisini akanipa karatasi za COBRA: unaendelea na bima ileile ya kazini kwa miezi 18, ila unailipa yote mwenyewe. Nikasaini. Ingekuwa imeandikwa "swila" ningeikimbia, lakini kwa herufi kubwa za Kizungu nilidhani nimepata kinga.

Hakuna aliyeniambia kwamba COBRA haihesabiki kuwa bima ya kazini. Ukiacha kazi unapewa miezi minane ya kujiandikisha Sehemu B, na miezi hiyo inaanza kukimbia pale kazi inapoisha, haingojei COBRA iishe. Yangu iliisha Novemba 2018 nikiwa nimelala usingizi mnono. COBRA ilipokwisha Septemba 2019 nikaenda ofisini kwa furaha. Kijana wa dirishani, mpole kweli, akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe: nisubiri Januari. Nikajiandikisha Januari 2020, na kwa sheria ya wakati ule bima ikaanza Julai. Hesabuni. Tangu Oktoba mpaka Juni sikuwa na bima ya daktari, na mwaka wenyewe mnaukumbuka ulikuwa mwaka gani. Nilikaa ndani nikinywa tangawizi na kuomba Mungu.

Juu yake nikapigwa faini. Kila miezi 12 kamili uliyochelewa inaongeza asilimia 10 kwenye ada ya Sehemu B, nayo hailipwi mara moja ikaisha. Unatembea nayo maisha yako yote. Mimi nilichelewa miezi 24, basi nabeba asilimia 20. Ada ya kawaida mwaka huu wa 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi. Mimi naongeza juu yake dola arobaini na ushee. Kila mwezi, mpaka mnizike.

Siku hizi sheria imelegezwa kidogo. Aliyekosa dirisha akajiandikisha kati ya tarehe 1 Januari na 31 Machi, bima yake inaanza mwezi unaofuata. Faini iko palepale.

Mnaofanya kazi kwa mwajiri mdogo, nyumba za uangalizi za vitanda sita, maduka, kanisa: kama wafanyakazi hawafiki 20, Medicare ndiyo mlipaji wa kwanza na bima ya kazini inafuata. Usipojiandikisha, bima ya kazini inaweza kukataa kulipa sehemu ambayo Medicare ingelipa, na bili ikarudi kwako. Mwulizeni mwajiri idadi ya watu, kwa maandishi.

Tuje kwenye makato. Chukua karatasi yako ya mshahara, tafuta mstari ulioandikwa Medicare, asilimia 1.45. Mimi ninazo zangu tangu miaka ya tisini kwenye boksi la viatu, na ule mstari ndio ulioninunulia Sehemu A, ya hospitali, bila ada ya mwezi. Kinachotakiwa ni pointi 40, na kwa mwaka unapata zisizozidi nne, kwa hiyo ni kama miaka kumi ya kazi iliyokatwa kodi. Michango ya NSSF ya Tanzania, Kenya au Uganda haiunganishwi na hii, hata ungekuwa ulichangia miaka ishirini. Na kazi ya kulipwa mkononi, kupika sherehe, kusuka nywele sebuleni, haikuachii pointi hata moja usipoitangaza.

Madereva wa malori na wa teksi za simu, na ninyi nisikilizeni. Kila mwaka mnajisifu kwamba mhasibu wenu kapunguza mapato kwa mafuta, matairi na chakula cha njiani mpaka yamebaki sifuri. Pointi zinatoka kwenye faida inayobaki, ile mnayoilipia kodi ya kujiajiri. Faida sifuri, pointi sifuri. Kuna mtu tunamfahamu sote, kaendesha lori miaka kumi na tano, ana pointi 22. Mwenye pointi chini ya 30 akitaka Sehemu A lazima ainunue, dola 565 kwa mwezi mwaka huu. Mwenye 30 mpaka 39 ni dola 311. Fungueni akaunti ya Social Security mtandaoni muone mna ngapi kabla hamjafika sitini. Bado kuna muda wa kurekebisha.

Mke au mume anaweza kupitia pointi za mwenzake, mwenzake akishafika 62. Hata mtalaka anaweza, ikiwa ndoa ilidumu miaka kumi na hajaolewa tena. Najua wapo wanawake humu waliolea watoto nyumbani huku waume wanajenga rekodi. Msione haya kuitumia. Lakini bima yenyewe ni ya mtu mmoja mmoja. Mzee akiingia Medicare, mama wa miaka 58 na watoto hawaingii naye.

Na wazazi mliowaleta? Mama wa miaka 70 aliyefika jana na grinikadi haingii Medicare kesho. Hana pointi, kwa hiyo ni lazima akae miaka mitano mfululizo akiwa na ukaazi wa kudumu, ndipo aruhusiwe kuinunua.

Neno zito zaidi ni la wakimbizi na waliopewa hifadhi. Zamani mtu mwenye hadhi ya ukimbizi na pointi zake aliingia Medicare bila shida. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imefunga mlango huo. Sasa wanaokubaliwa ni raia, wenye grinikadi, na makundi machache ya Wakuba, Wahaiti na watu wa visiwa fulani vya Pasifiki. Waliokwisha kuingia bila hadhi hizo watatolewa ifikapo Januari 2027. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja hapa. Nawajua wazee wa Kikongo wenye miaka minane hapa ambao fomu ile iko chini ya godoro kwa sababu "mtoto atajaza". Mtoto ana zamu mbili, hatajaza. Nendeni kwa mwanasheria wa uhamiaji au kwenye shirika lililowapokea, mwezi huu.

Kuchagua ndiko kunakowachanganya watu zaidi, maana mawakala wamejaa. Medicare ya serikali ina Sehemu A na B. Ukilazwa unalipa mwenyewe dola 1,736 za mwanzo. Kwa madaktari unalipa dola 283 za mwanzo za mwaka, kisha asilimia 20 ya kila kitu, na asilimia hiyo haina kikomo. Asilimia 20 ya homa ni chai. Asilimia 20 ya saratani ni nyumba. Wenye uwezo wanaongeza Medigap, bima ya nyongeza ya kuziba pengo hilo, na Sehemu D ya dawa. Medigap ina miezi sita yake, tangu Sehemu B inapoanza, ambapo kampuni haiwezi kukuuliza habari za sukari wala presha. Ikipita, katika majimbo mengi wanaweza kukupima na kukukatalia. Sehemu D nayo usiikawize: ukikaa siku 63 mfululizo au zaidi bila bima ya dawa inayokubalika, kuna faini nyingine ya kudumu.

Njia ya pili ni Medicare Advantage, mipango ya kampuni binafsi. Hii ndiyo mnayoletewa na matangazo ya televisheni: meno, miwani, kadi ya kununulia vyakula, ada sifuri. Si utapeli, na kwa wengine inafaa. Ila una orodha ya madaktari, ukitoka nje yake unalipa zaidi au hulipiwi, na mambo mengi yanahitaji kibali kwanza. Tena ukishakaa humo miaka kadhaa ukaugua, kurudi upande wa Medigap si rahisi. Mimi nilichagua ya serikali na Medigap kwa sababu niliona kwenye nyumba ile ya wazee wagonjwa wakisubiri kibali cha mazoezi ya miguu. Jirani yangu ana Advantage na anacheka kwa meno mapya. Kila mtu na mwili wake. Wakala akikugongea mlango bila wewe kumwita, mfungie: haruhusiwi.

Mwenye kipato kidogo asikae kimya. Jimbo lina mpango wa kukulipia ada ya Sehemu B, na kuna msaada wa dawa unaoitwa Extra Help. Na kila jimbo lina washauri wa bure wasiouza chochote; hapa Ohio wanaitwa OSHIIP. Ukipiga 1-800-633-4227, simu ya Medicare, mwambie mhudumu "Swahili" tu, subiri, atatafutwa mkalimani. Usimfanye mjukuu wa miaka kumi na mbili kuwa mkalimani wa tezi dume yako.

Mnaopanga kurudi nyumbani, kujenga Kigamboni au Kilifi: Medicare hailipi hospitali ya huko. Baadhi ya Medigap zinalipa asilimia 80 ya dharura katika siku 60 za mwanzo za safari, baada ya dola 250 zako, mpaka dola 50,000 kwa maisha yote. Kwa likizo inatosha. Kwa anayehamia moja kwa moja ni swali gumu: uendelee kulipa dola mia mbili kila mwezi kwa bima usiyoitumia, au uiache na faini ikusubiri siku utakayorudi kutibiwa? Mwenye watoto na wajukuu hapa, mimi ningemwambia aendelee kulipa mwaka wa kwanza, aone kama atakaa kweli. Wengi wetu tunarudi kabla ya mvua za masika.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao niko ukumbini tangu saa nne asubuhi. Njooni na bahasha zote za Social Security na Medicare ambazo hamjafungua, najua mnazichanganya na matangazo ya duka kwenye droo. Tutazifungua pamoja. Miwani ya kusomea ninayo. Nimeinunua mwenyewe, maana Medicare hailipi miwani.

Dada yenu mkubwa,
Columbus, Ohio