Kwako, Uliyeniita Nokoa

Mdogo wangu,

Mama kanambia umekabidhiwa kambi ya karafuu msimu huu, watu thalathini na kitu chini yako, na kwamba ulipompigia kumpa habari ulicheka mpaka simu ikakatika. Mimi hukunipigia. Sawa. Nimezipata habari kama walivyozipata majirani, na nimefurahi kuliko majirani.

Nilitaka kukutumia ujumbe, nikakumbuka ule wa kwanza, wa pili na wa tatu, yote umeisoma na hukujibu hata mmoja. Basi acha niandike hapa penye watu.

Kwanza pishi. Karafuu unazijua kuliko mimi, umekwea tangu magoti yako hayajakauka vidonda vya utoto. Lakini jana ulikuwa unapimiwa, leo ndiwe unayepima, na hapo ndipo mtu anapogeuka bila kujijua. Pishi ni vibaba vinne, haina kilima juu yake. Mchumaji akikuletea pakacha lake jioni, shingo inamuuma kwa kutazama juu kutwa nzima, mpimie mbele yake, ufute juu, uandike mbele yake. Usimwambie utamwandikia baadaye. Kambi haiuliwi na mvua, inauliwa na daftari.

Asubuhi matawi yakiwa na umande usimpandishe mtu kwa sababu tu kambi ya jirani wameshaanza. Tawi la mkarafuu halitoi onyo. Unamjua aliyeanguka, sina haja ya kumtaja. Na zikishachambuliwa, zisilale kwenye lundo zikaumuka. Mvua ikinukia, usisimame kwenye kibanda ukapiga kelele. Uwe wa kwanza kushika pembe mbili za jamvi, watu wazikute mbili zilizobaki.

Na ukitaka kumkosoa mtu, muite pembeni.

Hapo najua umeiweka simu chini. Irudie.

Kumi la mwisho la Ramadhani, saa moja asubuhi, nyuma ya jiko la hoteli, pale kwenye tangi la maji. Watu 22 wamejipanga kwa shifti. Taulo za ufukweni 14 hazionekani. Meneja kasimama kwenye ngazi na kikombe chake, na mpaka leo naikumbuka harufu ya ile kahawa kuliko maneno niliyoyasema. Nilisema, nadhani, kila mtu aweke begi chini. Nikaanza na wewe.

Ilibidi nianze na wewe. Kazi nimekuletea mimi, na pale kulikuwa na midomo inayosema nimeijaza hoteli Wapemba wenzangu. Kiongozi akiwa na ndugu kazini lazima ndugu ndiye aanze, ama sivyo nani atamsikiliza? Hilo nalisema mpaka leo kwa wasimamizi wapya, na wanatikisa kichwa kukubali.

Lakini kuanza na wewe ni jambo moja, na kulipindua begi ni jengine. Ningeweza kukwambia ulifungue. Nililishika chini nikalipindua. Ikaanguka chaja, zikaanguka tende zako za kufuturu zikaingia mchangani, ikaanguka kofia ya mkono haijamalizika, sindano imo ndani. Niliiokota nikachomwa kidole gumba. Wewe hukuninyang'anya. Ulichutama ukaziokota tende moja moja, ukazipuliza mchanga, ukasimama, ukatazama kule kwenye ngazi, kisha ukanitazama mimi.

"Haya, nokoa."

Mtu mmoja wa dobi akacheka, wakafuata wengine. Walicheka kwa sababu neno lina mlio wa kuchekesha. Sisi tuliolelewa na babu hatukucheka. Babu alitusimulia alivyosimuliwa na babake, zama za watumwa kabla ya 1897: shamba la karafuu lilikuwa na msimamizi, chini yake nokoa, chini yake kadamu. Nokoa ndiye aliyewaamsha watu, akawapangia kazi, akawasimamia mpaka jua linazama. Na mara nyingi alikuwa mtumwa vilevile kama wao. Babu akifika hapo alikuwa anatema mate pembeni kisha anaendelea na hadithi.

Kwa hiyo hukunambia mimi mkali. Ukali ningeubeba.

Haya, niulize na mimi: ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilikuwa na miezi 4 katika cheo. Siku niliyopandishwa nilipewa redio ya mkononi, shati la rangi nyengine na fungu la funguo, basi. Hakuna aliyenikalisha kitako akanambia watu wanaongozwa vipi. Nilikuwa hodari wa kutandika vitanda, wakaona nitaweza na watu, na mimi nikawatandika. Kulikuwa na kodi ya nyumba, kulikuwa na dawa za mama, na mshahara wako wewe mwenyewe ulikuwa mikononi mwa yule wa kwenye ngazi.

Na wewe nawe. Mchana huohuo umeondoka, kesho yake umepanda boti bandarini Malindi, Unguja, hukumuaga hata mama yako mkubwa aliyekuwa anakuwekea uji kila magharibi. Nani alimueleza? Mimi. Nilimwambia umeikumbuka Pemba. Akasema "maskini", akaendelea kukuna nazi. Sikukuu ile ilikuwa chungu nyumbani, na jina lile limebaki na mimi. Nikipita ukumbini nasikia linanong'onwa, na watoto walioajiriwa mwaka huu hawajui hata limetoka wapi.

Ungengoja siku 3 tu.

Siku ya tatu yule wa dobi la nje aliturudishia mzigo, na taulo 14 zimo, zimekunjwa vizuri. Nilikwenda kwa meneja nikamwambia. Akasema sawa, akaendelea na simu yake. Nami nikaondoka. Kwenye mkutano wa asubuhi iliyofuata nilizungumzia sabuni.

Nilijiambia mkubwa akijikosoa mbele ya wadogo, kesho hawamuamkii. Kuna siku hata leo naona ni kweli. Siku nyengine natazama wanavyoniamkia na najiuliza wananiamkia nini hasa.

Sasa hivi taulo tunahesabu wawili, na mizigo inayokwenda dobi inasomwa kwa sauti kabla haijatoka. Begi la mtu silishiki. Hilo nimejifunza kwa gharama yako, na najua si haki.

Kofia iko kwenye mtoto wa meza, na sindano yake. Niliijaribu usiku mmoja mlango umefungwa. Imenienea. Kichwa chako wewe kinaeleweka, tangu skuli kofia zikikuingia mpaka machoni.

Wale 22 wengi wametawanyika, kuna waliokwenda Bara na kuna waliokwenda Omani. Waliobaki ni 11. Tangazo la ubaoni hawalisomi, lakini simu wanasoma, kwa hiyo na hapa watafika: zile taulo zilikuwa dobi. Karatasi ya mzigo ilikuwa na saini moja tu, nayo ilikuwa yangu.