Barua ya wazi kwa mabinti zangu wanaofuatilia matunzo ya watoto mahkamani

Wete, Pemba

Wanangu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Nakuandikieni nyinyi mlioachwa na waume zenu mkabaki na watoto, mkaenda kwa kadhi kudai matunzo, mkapewa hukumu ya haki, kisha mkarudi nyumbani na karatasi isiyonunua hata kilo ya mchele. Nimefanya kazi ya ukarani wa mahkama kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na tangu nistaafu barazani kwangu hakukosekani mmoja wenu aliyekuja na bahasha ya kaki, akaitoa hukumu iliyokunjwa mara nne na kuniuliza, "Mama, kesi nimeshinda, mbona silipwi?" Nalijibu swali hilo kwa maandishi kwa sababu wanaoliuliza ni wengi, na kwa sababu wapo ambao wameshakata tamaa na hawaulizi tena.

Hasira zenu ni za haki. Mwanamke anayelima mwani ana siku chache za bamvua, maji yanapokupwa sana, za kuingia baharini, na siku ya kesi ikiangukia humo, kazi yake yote inangoja bamvua lijalo. Anaacha bahari, anakopa nauli, anafika mahkamani asubuhi na mapema, na saa tano anaambiwa kesi imeahirishwa kwa kuwa mdaiwa hakufika. Sheha, yaani kiongozi wa serikali katika mtaa, anasema samansi ya kumwita mdaiwa haikumkuta, kwani kijana yupo dago, kwenye kambi ya wavuvi, na haijulikani atarudi lini. Akienda Ustawi wa Jamii anaambiwa kesi ikishafika mahkamani arudi huko huko. Akienda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto anaambiwa hayo ni madai, si jinai. Kila ofisi inamwelekeza kwa adabu kwenye ofisi nyengine, na watoto jioni wanataka kula.

Jambo ambalo wengi wenu hamkuelezwa siku mliyosomewa hukumu ni hili: mahkama ikishaamua haimfuati mdaiwa nyumbani kwake kuangalia kama ametoa. Hakuna karani anayekaa na daftari kila mwisho wa mwezi akatazama nani amelipa na nani hakulipa. Mdaiwa asipolipa, ni lazima mdai arudi mahkama ile ile na kuomba kukaziwa hukumu, yaani mahkama ichukue hatua ya kumlazimisha: aitwe ajieleze, akatwe mshahara ikiwa ameajiriwa, au mali yake ikamatwe. Usiporudi, faili linakaa kabatini likihesabika kuwa limemalizika, na kwa wakubwa wanaotazama mafaili hayo wewe ni mtu aliyekwishapata haki yake. Nimeona mafaili ya namna hiyo kwa macho yangu, na najua nyuma ya kila moja yapo matumbo ya watoto.

Kabla ya kuzungumzia namna ya kurudi, nataka mjue mnachodai ni cha nani. Mke aliyeachwa talaka rejea, ambayo mume bado anaweza kumrejea, hula kwa mumewe mpaka eda imalizike, na hapo haki hiyo hukoma. Haki ya mtoto haina uhusiano na eda yenu wala na ugomvi wenu. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 233, ameweka chakula na mavazi juu ya baba kwa kadiri ya ada, na katika Suratut Talaq, aya ya 7, ameamrisha mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake na aliyedhikika atoe katika kile alichopewa. Hindi binti Utba alipomshitaki mumewe Abu Sufyan kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, kwamba ni bahili na hampi cha kumtosha yeye na wanawe, aliruhusiwa achukue katika mali ya mumewe kile kinachowatosha kwa wema. Sheria zetu za Zanzibar nazo hazikunyamaza. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inamtambua kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa ni mtoto, na Sheria ya Mahkama ya Kadhi Namba 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, inampa kadhi uwezo wa kusikiliza mambo ya matunzo na hadhana, yaani ulezi wa mtoto, baina ya Waislamu. Kwa hiyo msiingie mahkamani mmeinamisha vichwa kama mnaoomba sadaka.

Sasa nisikilizeni vizuri kwenye jambo ambalo limewapotezea wanawake wa visiwa hivi haki nyingi kuliko uzembe wa ofisi yoyote. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu hapa, wanasema nafaka ya mke, yaani matunzo yake, iliyopita hubaki deni kwa mume, lakini nafaka ya mtoto iliyopita huondoka kwa kupita wakati wake, isipokuwa kama kadhi alikwishaipanga, au alimruhusu mlezi akope kwa dhamana ya baba. Maana yake ni kwamba mama aliyekaa kimya miaka mitatu kwa kuona haya, au kwa kuambiwa na wazee asubiri bwana atulie, hana uhakika wa kupata hata senti ya miaka hiyo mitatu siku anayokwenda kudai. Aliyekwenda mapema na akapangiwa kiwango, kila mwezi usiolipwa unaandikwa kuwa ni deni. Nawaona mabinti wanaochelewa kwa heshima, wakidhani subira yao itahesabiwa. Mbele ya Mola itahesabiwa, inshaallah. Mbele ya kadhi ni miezi iliyokwenda na maji. Nendeni mapema, hata kama bado mnasalimiana naye, hata kama mama mkwe anakubembelezeni.

Na mkienda, msiridhike na hukumu inayosema tu kwamba baba "atoe matunzo ya watoto". Maneno hayo hayakaziki. Ombeni iandikwe kiasi gani kwa kila mtoto, tarehe gani ya mwezi, kwa njia gani, na ada ya skuli, ya chuo cha Kurani na matibabu vinabebwa na nani. Njia iliyo bora siku hizi ni kutuma kwa simu, kwa sababu simu ina kumbukumbu ambayo hapana anayeweza kuikana. Pesa inayopitia mkononi mwa shemeji au kwa mwenye duka ndiyo inayozaa kesi ya pili, huyu akisema nimetoa na yule akisema sikupokea.

Hapo hapo yapo mambo ya sikukuu. Baba hajaonekana tangu mfungo mosi mpaka Ramadhani, kisha siku mbili kabla ya Idi analeta gauni, jozi ya viatu na kilo mbili za sukari, mtoto anafurahi, majirani wanaona, na mbele ya kadhi anasema, "Mimi nawahudumia wanangu, muulizeni hata sheha." Msikatae nguo ya Idi, kwani mtoto ana haki ya kupendwa na baba yake. Lakini hakikisheni hukumu imetenganisha zawadi na matunzo, na muwe na daftari dogo la kuandika kila kilichopokewa na tarehe yake, kikubwa na kidogo, kwa uaminifu kamili, pamoja na vile alivyovileta bila ya kulazimishwa. Daftari lililoandikwa kwa haki humsaidia kadhi kuliko machozi, na mama anayeandika mpaka pishi ya mchele aliyoletewa huaminiwa pia anaposema mwezi fulani hakuletewa kitu.

Kuhusu kiasi, waume zenu wengi hawana mshahara. Ni wavuvi, wachukuzi, mafundi, madereva wa bodaboda, wachumaji wa karafuu, na kila mmoja akisimama mbele ya kadhi anasema hana. Wengine ni kweli hawana, na hao msiwatake wasichokuwa nacho. Asiye na mengi ana machache, na kiwango kidogo kinachotoka kila mwezi ni bora kuliko kikubwa kilichoandikwa kwa hasira kisichotoka kamwe. Wengine wanasema hawana huku wamekodi mikarafuu shamba zima, na anayekodi mikarafuu ametanguliza fedha kabla ya kuchuma hata konyo moja. Basi mwenye kujua hayo na atafute mashahidi: aliyemkodisha, waliomchumia kwa kibarua, nahodha aliyegawana naye mgao wa dagaa. Ombeni pia kadhi azingatie misimu. Mtu wa karafuu anaweza kupangiwa kiwango cha chini kwa miezi ya kawaida na cha juu katika miezi ya msimu, wakati anapouza karafuu zake kwenye vituo vya Shirika la Biashara la Taifa, ambako mauzo yanaandikwa. Wengi hawaombi hivyo kwa kuwa hawakujua kuwa inaombeka.

Makubaliano ya kwa sheha nayo yana mahali pake. Masheha wengi ni watu wema na wamepatanisha nyumba nyingi, nami nawaheshimu. Lakini karatasi iliyotiwa muhuri wa shehia si amri ya mahkama, na atakayeivunja hana atakachofanywa kwa karatasi hiyo peke yake. Mkikubaliana kwa sheha, alhamdulillahi, chukueni makubaliano hayo muyapeleke kwa kadhi yaandikwe kuwa hukumu, wakati nyote wawili bado mna moyo mwema.

Na kuna biashara moja inayofanyika vichochoroni ambayo inaniumiza sana. Bwana anasema, "Ukinidai, nitawachukua wanangu." Binti anaogopa, anajibu, "Waache kwangu, sitaki chako." Mwengine, ili apewe talaka yake haraka, anaahidi kuwalea peke yake mpaka wakue. Wanangu, hadhana ya mtoto mdogo huanza kwa mama, na kudai chakula cha mtoto hakumwondolei mama sifa ya kuwa mlezi. Hata ukiwa umeahidi kuwalea mwenyewe, siku utakayoishiwa wajibu unarudi kwa baba, kwa kuwa kitu ulichokisamehe si chako. Upande wa pili, msimzuie baba kuwaona watoto kwa sababu hakulipa. Najua inavyochoma kumwona anakuja mikono mitupu na kupakata mtoto uliyemlaza na njaa. Lakini mkimfungia mlango mnampa hoja ya kusimama nayo mahkamani, na mtoto anapoteza viwili badala ya kimoja.

Kwa wale ambao waume zao wako nje, nina machache ya kusema. Uingereza serikali iliunda chombo chake cha kukusanya matunzo mwaka 1993, na Marekani inaweza kumnyima pasipoti mzazi anayedaiwa zaidi ya dola 2,500 za matunzo. Msidhani vyombo hivyo vitafanya kazi kwa hukumu ya huku bila ya mwanasheria; pateni ushauri kwanza.

Sisi huku hatuna chombo cha namna hiyo, na naona tunapaswa kuwa nacho. Mfanyakazi wa serikali akikopa benki, marejesho yanakatwa kwenye mshahara kabla hajaushika, na hapana anayelalamika kuwa hilo ni gumu. Kama benki inaweza kulipwa kwa utaratibu huo, mtoto naye anaweza. Na kwa wasio na mshahara, kila mahkama ya kadhi ingekuwa na ofisa mmoja ambaye kazi yake ni kufuata hukumu za matunzo tu, aliye na simu na nauli ya kufika dagoni, tungeona mabadiliko makubwa. Hili ni la kuwaambia wawakilishi wenu, na mliseme kwa pamoja, kwa kuwa mmoja mmoja mnaonekana kila mtu na ugomvi wake wa nyumbani.

Wakati hayo hayajafika, msiende peke yenu. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018, na kwa asiye na uwezo wapo wasaidizi wa sheria katika wilaya zetu wanaoweza kumwandikia maombi ya kukaziwa hukumu bila ya malipo. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, nayo imewasaidia wengi. Msingoje madeni yarundikane. Mwezi wa kwanza usiolipwa, mwezi wa pili muwe mahkamani, kwa sababu deni dogo hulipika na deni kubwa humfanya mdaiwa akimbie kisiwa. Na mahitaji yakibadilika, mtoto akiingia sekondari au akapata maradhi, rudini kuomba kiwango kitazamwe upya.

Mwisho, yahifadhini makaratasi yenu: hukumu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha talaka, daftari, na nakala za kila ombi mlilopeleka, zikiwa na muhuri wa siku zilipopokelewa. Yahifadhini hata watoto wakishakuwa wakubwa. Baba akifariki, madeni yake yanalipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na matunzo aliyoamriwa na kadhi akayaacha bila ya kuyalipa yanaweza kudaiwa humo pamoja na madeni mengine, mbali na fungu la urithi ambalo mwanawe analipata kama watoto wake wote. Mwenye kutaka kusomewa karatasi zake na aje nyumbani baada ya sala ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa.

Wassalaam,

Mama yenu