Barua ya wazi kwa vijana wa Nairobi wanaokaribia kuitwa baba

Wanangu,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkunga mstaafu, na katika miaka niliyohudumu kwenye wodi za wazazi hapa jijini nimewaona wengi wenu mkisimama nje ya mlango wa leba, simu mkononi, mkingoja habari. Habari ikifika mnashangilia, mnatuma picha kwa jamaa, kisha mnaondoka mkidhani mambo yamekwisha. Ninawaandikia kwa sababu zamu yenu huanzia hapo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa baba aliyeajiriwa likizo ya wiki 2 yenye malipo kamili. Likizo hiyo si ya kupumzika, wala si ya kwenda mashambani kukagua ujenzi, kama nijuavyo walivyofanya baadhi yenu. Wewe wa jua kali usiye na mwajiri, patana mapema na mwenzako akushikie kazi hata kwa siku chache.

Kutokwa na damu nyingi ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya vifo vya wazazi, na ingawa saa 24 za kwanza ndizo za kuogopwa zaidi, hatari haibaki hospitalini mnaporuhusiwa kwenda nyumbani. Mkeo akilowesha pedi nzima kwa muda wa saa moja, akipata homa, au akiumwa kichwa sana huku macho yakiona ukungu, usingoje kupambazuke na usianze kushauriana na shangazi kwa simu; mpeleke hospitali. Ndiyo maana nawasihi muwe na namba ya dereva wa teksi wa mtaani anayekubali kuamshwa saa nane za usiku, na nauli iliyowekwa kando isiyoguswa kwa shida nyingine yoyote.

Kichanga naye ana dalili zake: kukataa kunyonya, kupumua huku kifua kikibonyea ndani, mwili kuwa moto au baridi kupita kiasi, viganja na nyayo kuwa za manjano, au wekundu kuzunguka kitovu. Kitovu hicho kisipakwe majivu wala mate, hata anayeshauri hivyo akiwa mama yako mzazi. Mjibu kwa adabu, lakini mjibu wewe, usimwachie mkeo vita hivyo. Vivyo hivyo kwa wanaotaka kumwonjesha mtoto maji ya sukari: dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, yanamtosha, na hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama kwa miezi 6.

Wale mnaokaa chumba kimoja, nisikilizeni hasa. Baridi ya Julai ikiingia, msilale na jiko la makaa ndani kwa kumhurumia mtoto. Gesi yake haina harufu, nayo huua familia nzima usingizini. Vua shati, mlaze mtoto kifuani pako akiwa na nepi na kofia tu, kisha mjifunike blanketi pamoja. Ngozi ya baba humpasha mtoto joto vizuri, na mama hupata saa mbili za kulala.

Kuhusu wageni, chama cha akina mama kije na unga wa uji na njahi, yale maharagwe meusi, kikae kidogo, kiondoke. Mwenye kikohozi asubiri. Usione haya kusimama mlangoni na kusema mzazi amelala.

Machozi ya mkeo siku za mwanzo ni ya kawaida. Yakizidi wiki 2, au akisema hamtaki mtoto, usimkemee wala usimpeleke kwanza kwa mhubiri. Mwambie muuguzi wa kliniki, kwa kuwa hali hiyo hutibika. Kliniki zenyewe mwende pamoja, kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kile kijitabu cha mama na mtoto kisiachwe nyumbani.

Mwisho ni karatasi. Kabla ya kutoka hospitalini hakikisheni mmepewa taarifa ya kuzaliwa, mkasome kila herufi ya majina hapo hapo mezani, kisha mwombe cheti kabla ya miezi 6 kupita, kwani baada ya hapo huhesabiwa kuwa mmechelewa na mlolongo wa hati mtakazodaiwa huongezeka.

Wenu,
Mkunga mstaafu, Eastlands