Ioshe Kwanza, Usiikaze

Kariobangi, Nairobi

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi sote ni wazima, ila baridi ya Julai inatutafuna. Barua yako niliipata Ijumaa. Nilipofika pale uliposema pikipiki ya marehemu mzee, ile Honda, inadondosha oili sakafuni, nawe unangoja tu nafasi uchukue spana uzikaze bolti zote, nikaona nisilale kabla sijakuandikia. Nakuomba, spana iweke chini.

Mimi nilikaza. Unaikumbuka Honda CG125 yangu, ile iliyolala stooni kwa mjomba miaka sita? Nilipoirudisha barabarani ilianza kutoa jasho la oili upande wa kulia, kwenye kifuniko cha klachi. Nikakaza. Kesho yake oili ikarudi, nikakaza tena, na bolti ya chini kabisa ikalegea ghafla mkononi, ikawa inazunguka bure. Nilipoichomoa ilitoka na nyuzi za aluminiamu, ile mifereji ya tunduni inayoishika bolti, zimeizunguka kama waya mwembamba. Iliniuma sana, maana bolti ni ya chuma kigumu na hununuliwa popote, lakini tundu ni la mwili wa injini yenyewe.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Niliiosha injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, nikaikausha vizuri, nikainyunyizia poda ya mtoto kila mahali. Nikaenda hadi Outer Ring Road na kurudi, nikachuchumaa na tochi. Oili huteremka na upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo pale inapodondokea sipo inapotokea. Poda ilikuwa imelowa kwenye sili ya shafti ya kiki, ule mpira unaozuia oili isitoke, na juu kabisa kwenye kifuniko cha tapeti. Maungio ya kifuniko cha klachi, yale niliyoyaonea, yalikuwa makavu!

Sehemu mbili zilizo mbalimbali kuvuja kwa wakati mmoja kulinitia shaka. Pistoni ikishuka husukuma hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo hutokea kwenye kibomba cha kupumulia. Ikizibiwa njia, huisukuma oili nje popote palipo dhaifu. Nilikichomoa kibomba nikapuliza, hakikupitisha kitu. Nyigu alikuwa amejenga humo kwa udongo wakati pikipiki imelala stooni. Nilikizibua kwa waya, nikabadilisha sili ya kiki na gasketi ya juu, ule utando unaokaa kati ya kifuniko na injini, basi. Yako nayo ilikaa sana baada ya mzee kutuacha, kwa hiyo kibomba hicho ukitazame kabla ya kununua chochote.

Sasa lile tundu. Fundi mmoja alitaka kulipanua atie bolti ya milimita 8. Nilikataa, kwa sababu ukuta wa pale ni mwembamba na ukipasuka hakuna dawa. Nilishuka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, nikazunguka maduka ya vipuri mpaka nikapata Helicoil za milimita 6, saizi ya bolti ileile. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama springi; unauzungushia ndani ya tundu, nao unakuwa nyuzi mpya, imara kuliko za kwanza.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Kifuniko kikishatoka, ziba injini kwa kitambaa safi. Toboa kwa biti ya milimita 6.3, na uizungushie utepe kuonyesha kina ili usipitilize. Drili iingie sawasawa na tundu, isiinamie upande wowote. Mimi nilimwita jirani achuchumae pembeni aniangalizie. Kisha pitisha tapu yake maalumu, yaani chuma cha kuchonga nyuzi, maana tapu ya kawaida ya milimita 6 haifai hapo. Ipake grisi ishike vumbi la chuma, na kila nusu mzunguko irudishe nyuma kidogo. Waya uingie mpaka uzame chini kidogo ya uso, halafu vunja kile kipini kilicho mwishoni mwa waya na ukitoe. Kikidondokea ndani usiwashe injini mpaka ukipate.

Gasketi ya zamani ikwangue kwa kipande cha mti, si bisibisi. Silikoni usijaze; inayozidi hubanwa ndani, ikamenyeka na kuziba chujio la oili. Na bolti hizo hazihitaji nguvu: ni kama uzito wa kilo 10 kwenye spana yenye urefu wa sentimita 10, zikikazwa kwa kukingana, kidogo kidogo.

Leo ni wiki ya tatu na poda bado kavu. Ndani ya bahasha nimekuwekea Helicoil mbili zilizobaki. Tapu na biti nitakutumia kwa basi la Voi ukizihitaji, lakini kwanza niandikie poda imelowa wapi.

Wako daima,
Ndugu yako wa Kariobangi