Nyota, taroti na machale: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama sayansi inaweza kuthibitisha nyota, taroti (zile karata za kuagulia) na machale. Umeviuliza pamoja kwa sababu huuzwa pamoja, lakini kila kimoja kina hesabu yake. Nianze na nyota, ile ya kwetu mwambao.

Nyota hiyo haiulizi tarehe ya kuzaliwa. Huchukuliwa jina lako na la mama yako kwa herufi za Kiarabu, kila herufi na thamani yake ya abjadi. Ali ni ayn 70, lam 30, ya 10: jumla 110. Fatma ni fa 80, alif 1, ile ta nzito 9, mim 40, na ta ya duara mwishoni 5: jumla 135. Zote pamoja 245. Gawanya kwa 12, idadi ya burji, yaani alama za nyota; baki ni 5. Hesabu Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, unatua Asadi. Ila wapo wanaoipa ta ya duara thamani ya 400. Hapo Fatma ni 530, jumla 640, baki 4, na Ali huyohuyo amekuwa Saratani. Mnajimu wa magazeti naye ataiangalia tarehe, na ikiwa ni 10 Novemba atamwita Akrabu, ingawa siku hiyo jua lenyewe liko mbele ya kundi la Mizani. Mhimili wa dunia huyumba polepole, kiasi cha digrii moja kila miaka 72, na tarehe za burji zimeachwa palepale. Wanajimu hujibu kwamba burji zao ni vipande vya majira, si makundi ya nyota. Haya, tuwakubalie. Hatuhitaji kujua nyota inafanyaje kazi ndipo tuipime. Tunahitaji kujua tu kama inapata zaidi ya anayebahatisha.

Kosa la kwanza ni kumuuliza mteja kama ameridhika. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, yaliyookotwa kwenye kitabu cha unajimu. "Una uwezo ambao hujautumia" humkaa kila mtu kama kanzu pana.

Kipimo chenye meno ni cha mwanafizikia Shawn Carlson, kilichochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1985. Wanajimu 28 walishiriki. Kwa kila chati ya kuzaliwa, yaani mchoro wa anga saa mtu alipozaliwa, walipewa dodoso tatu za tabia, moja tu ikiwa ya mwenye chati. Anayebahatisha hupata theluthi. Wao walitabiri kwamba wangepata angalau nusu. Walipata theluthi. Wapinzani wamezichambua upya hesabu zake, na wana hoja moja nzito: hata wenye dodoso walishindwa kuzitambua zao. Kwangu hilo linalegeza kipimo, halimpi mnajimu ushindi.

Taroti unaweza kuipima mwenyewe. Karata ni 78, zilizoanza kama mchezo kaskazini mwa Italia karne ya 15. Uaguzi ulikuja baadaye sana. Tafuta watu 20. Msomaji awasomee kutoka nyuma ya pazia, bila wao kutoa sauti, maana uso na kikohozi humpa habari nyingi kuliko karata. Chapa kila usomaji, ufute jina, tarehe, jinsia na lolote linalodokeza mtu. Kila mmoja apewe karatasi tano, yake na nne za wengine, zilizochanganywa kwa kura, achague iliyo yake. Anayezigawa asijue ipi ni ya nani; akijua, macho yake yatasema. Kwa bahati tupu watapatia wanne hivi. Wanane au zaidi hutokea kwa bahati kama mara 3 katika 100, kwa hiyo andika "nane" kwenye karatasi kabla hujaanza. Majaribio mengi huharibikia hapa: watu hupata sita, kisha huamua kwamba sita zinatosha. Na ukipata nane, rudia na watu wengine 20 kabla hujamwambia mtu.

Machale ni habari nyingine, na hapa sayansi haiyabezi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa wakipingana kwa miaka, waliandika pamoja mwaka 2009 kwamba hisi ya mtaalamu huaminika pakiwa na mambo mawili: mazingira yenye mpangilio unaojirudia, na mazoezi marefu ambamo jibu la kosa humrudia mtu upesi. Zimamoto anayo yote mawili. Anayetabiri bei za hisa miaka mitano mbele hana, hata moyo wake ukipiga kelele namna gani.

Kwa hiyo yapime yako. Machale yakikucheza, andika papo hapo: tarehe, kitakachotokea, lini, na una hakika kwa asilimia ngapi. "Kuna jambo baya" usiliandike, halina siku ya kushindwa. Usifute hata moja. Yakifika 50, chukua yote uliyoyapa asilimia 80 uone kama manane katika kila kumi yametokea, kisha nitumie daftari zima, pamoja na yaliyokosea.

Mzazi wako