Kabla hujatusomea nambari ya kuingia kwenye kompyuta yako

Wateja wetu wengi siku hizi hawako katikati ya jiji. Wako Rongai, Kitengela, Ruiru, Utawala, na wengine wamehamia Juja kabisa. Mtu wa Kitengela akifunga duka ili alete kompyuta hadi dukani kwetu, barabara ya Luthuli, Nairobi, kwa sababu printa imekataa kuchapisha, siku inamwishia barabarani na mauzo yanapotea. Shida nyingi za namna hiyo huisha bila kompyuta kutoka mezani: fundi akiwa hapa dukani anaiona skrini yako, anasogeza kipanya, anarekebisha, anatoka.

Huduma hiyo tunaitoa, na swali tunaloulizwa zaidi si la bei. Watu wanauliza: nitajuaje kama umetoka kweli? Swali hilo ndilo lililotuongoza kuchagua programu tunayotumia, kuliko kasi yake na kuliko hata gharama yake. Fundi anayekwambia "pakua hii, kisha nisomee nambari" anakuomba jambo kubwa, na una haki ya kujua kwa nini ameichagua programu hiyo na si nyingine.

Skrini yako inapitia wapi

Ukiwa kwenye bando la simu, na mara nyingi hata kwenye fiba ya nyumbani, kampuni ya mtandao huwa imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ndiyo maana hatuwezi kuifikia kompyuta yako moja kwa moja kutoka nje. Programu iliyo kwako ndiyo inayotoka kwenda kwenye seva fulani, yaani kompyuta ya katikati, na kujitambulisha kwa nambari, kisha ya kwetu inaenda kwenye seva hiyo hiyo na kuulizia nambari hiyo. Seva inazikutanisha. Mtandao ukiruhusu, zinaongea zenyewe kuanzia hapo. Usiporuhusu, kila kitu kinapitia kwenye seva hadi mwisho, kikiwa kimesimbwa ili aliye katikati asiweze kukisoma.

Kwa hiyo anayechagua programu anamchagua pia mwenye seva. Hilo wateja wengi hawaambiwi, na mafundi wengi hawalifikirii.

Wapo mafundi wanaokwepa seva ya katikati kwa kutumia njia ya Windows yenyewe, ile inayoitwa RDP, na kufungua poti 3389, mlango wa mtandao ambao RDP hupitia, kwenye ruta ya mteja ili waingie watakapo. Sisi hatufanyi hivyo kamwe. Poti hiyo ikiwa wazi, mitambo ya wahalifu inaiona upesi sana, kisha inaanza kujaribu manenosiri usiku na mchana. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, cha kasoro ya RDP iliyopewa jina BlueKeep, na kasoro yenyewe ilikuwa nzito kiasi kwamba walitoa kiraka hata cha Windows XP, ambayo walikuwa wameacha kuihudumia tangu 2014. Kama kuna mtu aliwahi kukufungulia poti hiyo ofisini kwako, tupigie tuifunge. Kazi hiyo hatuitozi.

Ndani ya Windows 10 na 11 kuna Quick Assist, ambayo haidai kupakua mambo mengi. Anayesaidia anaingia kwa akaunti yake ya Microsoft, anapata msimbo mfupi, anakusomea, unauandika. Kwa shida ndogo ya mara moja inatosha, nasi huitumia mteja anaposema hataki kuwekewa kitu kipya. Ila usidhani kuwa kwa sababu imetoka Microsoft basi kila anayekuomba uifungue ni mtu mwema. Mei 2024 Microsoft yenyewe ilieleza jinsi genge moja lilivyokuwa likimfurikisha mtu kwa barua pepe za takataka, kisha likampigia simu likijifanya idara ya kompyuta ya kazini kwake, na kumwomba afungue Quick Assist "asaidiwe".

Chrome Remote Desktop ya Google ni ya bure na ni safi kwa mtu anayetaka kufikia kompyuta yake mwenyewe, kwa mfano mwanafunzi aliyeacha faili nyumbani. Kwa kazi ya fundi tunaiona ni finyu.

Zinabaki zile mbili ambazo karibu kila mtu Nairobi amezisikia, TeamViewer na AnyDesk, zote za Ujerumani, ya kwanza imeanza 2005 na ya pili 2014. Ni programu nzuri. AnyDesk hasa inajitahidi kwenye intaneti dhaifu. Lakini zote mbili hutolewa bure kwa matumizi ya kibinafsi tu. Fundi anayelipwa anatakiwa kununua leseni. Ukimwona fundi anakatikiwa kila baada ya dakika chache na kuanza upya, huenda mfumo umeshuku kwamba anafanya biashara kwa leseni ya nyumbani. Anayeanza kazi yako kwa kuvunja masharti ya chombo chake anakuonyesha jinsi atakavyoyachukulia masharti yako.

AnyDesk ilitangaza mwanzoni mwa Februari 2024 kwamba mifumo yake ilikuwa imeingiliwa. Ikafuta vyeti vya usalama, vile vinavyothibitisha kwamba programu au tovuti ni ya kweli, ikabatilisha manenosiri ya tovuti yake na kuwataka watu wahamie toleo jipya. Kwa maoni yetu kampuni inayotangaza inaaminika kuliko inayoficha. Kwako wewe jambo la kufanya ni moja: kama una nakala ya zamani ya AnyDesk iliyoachwa na fundi zamani, itoe, au angalau ipandishe hadi toleo la sasa.

Tulichochagua

Tunatumia RustDesk, tukiwa na seva yetu wenyewe. RustDesk ni programu huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma, na inaruhusu biashara ndogo kama yetu kuendesha seva yake badala ya kutegemea ya kampuni ya nje. Skrini yako ikilazimika kupitia kwenye seva, inapitia kwenye ile tunayoilipia kodi kila mwezi na kuilinda sisi. Wewe unatumiwa faili moja ambayo tayari imeelekezwa kwenye seva hiyo.

Ina upungufu wake. Seva yetu ikilala, huduma imelala nayo. Hapo tunarudi kwenye Quick Assist. Na baadhi ya antivirusi huitilia shaka, kwa sababu matapeli nao hutumia programu za aina hii. Antivirusi yako ikipiga kelele, usiizime kwa sababu tu tumesema. Tupigie kwanza tuthibitishe kwamba faili uliyo nayo ni ile tuliyokutumia.

Kilichotushawishi zaidi ni kidirisha kidogo kinachotokea kwenye skrini yako tunapoingia. Kwanza kinakuuliza ukubali au ukatae. Ukikubali kinabaki pale muda wote, kikiwa na alama za kila ruhusa tuliyo nayo: kibodi na kipanya, ubao wa kunakili, kuhamisha faili, sauti. Ukibofya alama, ruhusa hiyo inazimika papo hapo, nasi hatuna la kufanya. Tunakushauri uzime ya kuhamisha faili tangu mwanzo, isipokuwa kazi yenyewe inadai tukuletee kitu. Chini yake kuna kitufe cha kukata. Ukikibonyeza tumetoka, hata kama fundi alikuwa katikati ya kazi, na hatutakuuliza kwa nini. Nenosiri ulilotusomea ni la muda na hubadilika, kwa hiyo la leo halitatufungulia kesho.

Jambo moja huwashtua wengi. Katikati ya kazi skrini yako itafifia na Windows itauliza kama unairuhusu programu fulani ibadilishe mambo ya kompyuta. Wakati huo fundi mara nyingi haoni kitu, kwake picha imesimama. Windows imetengenezwa hivyo makusudi, ili uamuzi huo ufanywe na aliyeketi mbele ya kompyuta. Fundi atakuambia kwa simu ni programu gani inayouliza. Soma jina lake, na likilingana, kubali. Wenye Mac wana hatua zaidi: ruhusa ya kuiona skrini na ya kuendesha kipanya lazima uziwashe kwa mkono wako kwenye mipangilio, na hakuna fundi anayeweza kukuwashia kutoka mbali.

Simu hiyo ya kawaida, kwa njia, ndiyo nusu ya kazi. Mama mmoja anayeuza vyombo kwa jumla Kamukunji alitupigia akisema risiti za eTIMS (mfumo wa risiti wa KRA, mamlaka ya kodi) haziendi na tovuti ya KRA haifunguki, ila waifai iko sawa na WhatsApp ya simu inafanya kazi.

"Mama, kabla hatujaunganisha chochote, hebu niangalizie tarehe pale chini kwenye pembe ya kulia."

"Inasema Januari, kijana wangu. Na mwaka si huu."

Hapo shida ilikuwa imejulikana. Stima ilikuwa imepotea usiku, na betri ndogo ya duara inayotunza saa ya kompyuta, ile ya CR2032, ilikuwa imekufa. Kompyuta ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma inaviona vyeti vya tovuti kuwa si halali, kwa hiyo inakataa kufungua, na hata programu za kuunganisha fundi zinaweza kukataa. Tulimwelekeza kwa mdomo arekebishe tarehe, ndipo tukaingia, tukahakikisha risiti zinaenda. Betri tukampelekea kesho yake. Kazi ya mbali ilimrudisha kwenye biashara asubuhi ile ile, lakini betri haibadilishwi kupitia intaneti.

Vivyo hivyo kompyuta isiyowaka kabisa, skrini iliyopasuka, chaja, maji yaliyomwagika: hizo zilete. Na ukisikia diski inagonga-gonga, izime sasa hivi na usitupigie tuingie. Kila dakika inayoendelea kuzunguka inaweza kuharibu faili zaidi.

Kuingia bila wewe kuwapo

Ofisi zingine hutuomba tuweze kuingia wakati wowote, pengine usiku ili kazi isisimame mchana. Inawezekana, lakini hatuifanyi bila mkataba ulioandikwa unaotaja kompyuta zipi, nani kati yetu ana ruhusa, na lini inaisha. Kila kompyuta ina nenosiri lake refu, na uthibitisho wa hatua mbili ni lazima. Mkataba ukiisha tunaiondoa programu huku mkitazama.

Tuko wakali hapa kwa sababu ya mambo kama yaliyotokea Julai 2021, wahalifu walipoingilia programu ya Kaseya inayotumiwa na mafundi kusimamia kompyuta za wateja wao. Hawakuhitaji kumvamia mteja mmoja mmoja; walipitia kwa mafundi. Kampuni hiyo ilikadiria kwamba biashara zilizoathirika zilifika hadi 1,500, na huko Uswidi maduka ya Coop yalifungwa kwa mamia kwa sababu mashine za kulipia zilikwama. Njia tunazoziacha wazi kwenye kompyuta za wateja wetu zikiwa chache, basi hata sisi tukivamiwa hasara haiwafikii wengi.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inamwadhibu anayeingia kwenye kompyuta bila idhini kwa faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Idhini uliyotupa ya kurekebisha printa si idhini ya kufungua picha zako. Kwa sababu hiyo kila mara tukimaliza unapata ujumbe wenye jina la fundi, saa aliyoingia, saa aliyotoka na alichogusa. Uhifadhi.

Kama umeshamwingiza mtu usiyemjua

Tunapokea simu hizi mara nyingi kuliko tungependa. Mtu amepigiwa na "benki" au "Microsoft", ameambiwa akaunti yake iko hatarini, amepakua programu, amesoma nambari, kisha akashtuka kipanya kinapoanza kutembea chenyewe. Microsoft haikupigii simu kukuambia una virusi. Benki haihitaji kuiona skrini yako. Na sisi hatukupigii kukuomba tuingie kama hukututafuta kwanza.

Likitokea, kata intaneti kabla ya kitu kingine chochote: chomoa waya, zima ruta, zima data. Kufunga kile kidirisha peke yake hakutoshi, kwa maana huenda ameshajiwekea njia nyingine. Kisha kwa simu ambayo haikuguswa, piga benki yako kwa nambari iliyo nyuma ya kadi, si ile iliyokupigia. Badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, ukitumia kifaa kingine, kwa kuwa manenosiri mengine mengi hurejeshwa kupitia barua pepe. Ikiwa programu uliiweka kwenye simu, izime simu hiyo na uwapigie kampuni yako ya simu kutoka laini nyingine kabla ya kugusa pesa iliyomo.

Halafu tuletee kompyuta ikiwa imezimwa, na usifute kitu. Najua hamu ya kwanza ni kuiondoa ile programu haraka, lakini AnyDesk na TeamViewer huweka kumbukumbu ya miunganisho iliyoingia pamoja na nambari ya aliyeingia na saa yake. Tutainakili kumbukumbu hiyo kabla ya kusafisha, ili uwe nayo mkononi unapoenda kuandikisha ripoti polisi au kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai.